Kwa Nini Hapa na Si Pale: Ushauri kwa Anayeanza Kusoma Jiografia

Kipindi cha kwanza cha jiografia, mwanafunzi huandikiwa ubaoni maana ya somo: ni taaluma inayochunguza dunia, vilivyomo juu yake, na uhusiano wa binadamu na mazingira yake. Hunakili, hupigia mstari, na wiki ya mtihani huikariri. Baada ya hapo huja majina: aina za miamba, aina za milima, tabaka za angahewa, mito mirefu, miji mikuu. Wengi huishia hapo. Wanamaliza Kidato cha Nne na daftari limejaa, lakini ukiwauliza kwa nini kisima cha kijijini kwao hukauka Septemba na cha kijiji jirani hakikauki, wanakutazama tu.

Sisemi majina hayana kazi. Bila majina huwezi kuzungumza na mtu yeyote aliyesoma jambo hilo kabla yako. Ninachotaka ni uyatumie kujibu swali ambalo ndilo uti wa mgongo wa somo zima: kwa nini kitu hiki kiko hapa, na si pale? Ukilishika swali hili mapema, kukariri kutapungua kwenyewe, na utaanza kuipenda jiografia kwa sababu itakuwa inakueleza mambo unayoyaona kila siku.

Chukua mvua. Watu wa Tanga na Arusha wana masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Watu wa Dodoma, Iringa na Songea wana msimu mmoja tu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Unaweza kupewa orodha hiyo ukaikariri mkoa kwa mkoa. Lakini ukishajua kwamba ukanda wa mvua hulifuata jua la utosi, likienda kusini mwishoni mwa mwaka na likirudi kaskazini baada ya Machi, orodha huihitaji tena. Sehemu zilizo karibu na ikweta hupitiwa na ukanda huo mara mbili, ukienda na ukirudi. Sehemu za kusini zaidi ziko karibu na mwisho wa safari yake, kwa hiyo kwenda na kurudi huungana vikawa msimu mmoja.

Sasa sogea karibu zaidi, uulize swali lilelile juu ya mlima mmoja. Uluguru, kule Morogoro, upande wa mashariki hupata mvua nyingi kuliko upande wa magharibi. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hulazimika kupanda mlima; ukipanda hupoa, ukipoa humwaga mvua, na ukishavuka kilele hushuka ukiwa mkavu. Maji ya mteremko ule hushuka mpaka Mto Ruvu, na Ruvu ndiyo inayoinywesha Dar es Salaam. Mtoto anayefungua bomba Kimara, jijini humo, anakunywa maji ya mlima ambao pengine hajawahi kuuona, na mkulima anayelima juu kule, kwa jembe lake, anagusa bomba la Kimara bila kujua. Hapo ndipo tawi la jiografia ya mazingira linapoanzia.

Wanajiografia wamezoea kuligawa somo lao pande mbili. Upande mmoja ni wa maumbile: miamba, udongo, mito, hali ya hewa, uoto. Upande wa pili ni wa watu: makazi, kilimo, biashara, uhamaji, miji. Jiografia ya mazingira imekaa katikati. Inauliza watu wanaifanyia nini ardhi, na ardhi inawajibu nini. Swali hilo si la jana. Mwaka 1800, Mjerumani Alexander von Humboldt alifika Ziwa Valencia, Venezuela, akakuta wenyeji wanashangaa maji yao yanapungua. Alitazama milima inayolizunguka ziwa akaona misitu imefyekwa kwa ajili ya mashamba, na mito imechepushwa ili kumwagilia. Akaeleza kwamba msitu ukiondoka, mvua hupiga udongo mtupu, maji hushuka kwa kasi badala ya kuzama, na chemchemi huishiwa nguvu. Alifika pale kama mgeni, akatembea, akapima, akaunganisha alichokiona juu mlimani na kilichokuwa kinatokea chini ziwani. Mbinu hiyohiyo unaweza kuitumia wewe leo, tena una faida moja ambayo yeye hakuwa nayo: pale unapochunguza ni kwenu.

Anza na maji ya mvua, kwa sababu hayahitaji maabara. Tafuta chupa kubwa ya plastiki ambayo ubavu wake umenyooka, haina kiuno. Kata sehemu ya juu, uigeuze mdomo chini uiingize kwenye chupa ileile kama mrija wa kumiminia, ili mvua iingie na jua lisiyavute maji haraka. Kitako cha chupa hakiko sawasawa, kwa hiyo weka changarawe kidogo, mimina maji hadi ubavu uliponyooka, uchore mstari: hapo ndipo sifuri yako. Bandika rula kuanzia hapo. Iweke mahali pa wazi, mbali na miti na kuta, uichimbie kidogo isiangushwe na upepo. Kila siku saa tatu asubuhi, saa ambayo hata vituo vya hali ya hewa husoma vipimo vyao, soma milimita, andika, kisha rudisha maji kwenye sifuri.

Halafu fanya hesabu, maana hesabu ndiyo inayofumbua macho. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Nyumba yenye paa la mita 6 kwa 8 ina mita za mraba 48. Ikinyesha milimita 25, mvua ya kawaida kabisa ya masika, paa hilo linapokea lita 1,200, yaani ndoo 60 za lita 20. Nyumba isiyo na mifereji ya kukinga maji inaziacha ndoo zote 60 zimwagike uani, na kesho yake mtu wa nyumba hiyohiyo anatembea kwenda kisimani na ndoo moja kichwani. Eka moja ya shamba, kwa mvua hiyohiyo, inapokea lita laki moja hivi. Je, lita hizo zinakwenda wapi?

Jibu linategemea zimeangukia nini. Chukua kopo tupu la maziwa ya unga, toa kitako chake ili liwe wazi pande zote mbili, ulikandamize ardhini kina cha vidole viwili. Mimina nusu lita ya maji, uangalie saa hadi yazame yote. Fanya hivyo chini ya mwembe penye majani yaliyooza, kisha kwenye njia wanayopita ng'ombe, kisha kwenye uwanja unaofagiliwa kila asubuhi. Tofauti utaiona kwa macho. Chini ya mti maji huzama upesi, kwa sababu mizizi na wadudu wameutoboa udongo, na majani yameuzuia usipigwe na matone. Njiani maji hukaa, kwa sababu kwato zimeshindilia udongo mpaka matundu yake yameziba. Maji yasiyozama hutafuta mteremko. Yakijikusanya hupata nguvu, yakipata nguvu huchukua udongo, na njia ya ng'ombe iliyonyooka kushuka kilima ikiachwa hivyo mwaka baada ya mwaka huweza kuwa korongo. Ukishafanya jaribio hili, mada ya mmomonyoko kwenye kitabu utaisoma kama habari ya jirani yako.

Baada ya hapo, jifunze ramani. Wanafunzi wengi wanaiogopa, na nadhani ni kwa sababu hupewa ramani ya mahali wasipopajua, ili tu wahesabu alama za mtihani. Jitahidi upate karatasi ya ramani ya eneo lenu yenye kipimo cha 1:50,000. Kwenye ramani hiyo sentimita 2 ni kilomita 1. Tafuta shule yenu, tafuta mto, tafuta kilima mnachokiona dirishani. Mistari ya kontua ikikaribiana, mteremko ni mkali. Ikiachana, ardhi ni tambarare. Ikichongoka kuelekea juu kwenye mwinuko, hapo ni bonde na maji yatapita hapo. Kisha toka nje uhakiki. Ramani nyingi za aina hiyo zilichorwa zamani, kwa hiyo utakuta msitu uliochorwa umekuwa mashamba, na mahali palipoachwa wazi pamekuwa mtaa. Usione ni kasoro ya ramani. Tofauti hiyo ni historia ya mazingira ya kwenu, na ukiifuatilia kwenye picha za setilaiti, ambazo siku hizi hufunguka hata kwenye simu, tayari una utafiti wako mdogo.

Ningependa ukae kidogo na mfano mmoja mkubwa, kwa sababu jiografia ya mazingira haieleweki kwa majaribio peke yake. Nenda Usukumani. Kule mtu akitembea kutoka kwenye mawe ya kilimani kushuka bondeni, anakanyaga udongo tofauti kila hatua kadhaa, na kila udongo una jina lake na kazi yake. Juu kuna luseni, kichanga kinachofaa mihogo na karanga. Chini yake kuna itogolo, ardhi ngumu inayoachwa kwa malisho na baadaye hata kwa mpunga. Bondeni kabisa kuna mbuga, udongo mweusi mzito unaopasuka kiangazi na kunata masika, na hapo watu hutengeneza majaruba. Mwanasayansi wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani katika Usambara, aliandika miaka ya 1930 kuhusu mfuatano wa udongo wa namna hii kwenye miteremko ya Afrika Mashariki, na wazo lake limeingia kwenye vitabu vya dunia nzima. Wakulima walikuwa wakiyapanga mashamba yao kwa kufuata mfuatano huo huo. Mwanafunzi wa jiografia asiyemsikiliza mkulima amejinyima nusu ya somo.

Shinyanga, sehemu ya ukanda huo, iliwahi kuwa na mapori mengi. Enzi za ukoloni mapori yakafyekwa ili kumwondoa mbung'o. Pamba ikapanua mashamba, mifugo ikaongezeka, na miaka ya 1970 watu wakahamishiwa kwenye vijiji vya pamoja, wakaacha nyuma maeneo waliyokuwa wakiyatunza kimila. Kufikia miaka ya 1980 sehemu kubwa ilikuwa tupu, kuni ziko mbali, malisho yameisha. Mwaka 1986 serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Mwanzoni kazi ilikuwa kuotesha miche kwenye vitalu na kuigawa. Kilichofanikiwa hasa kilikuwa kitu cha wenyewe: ngitili. Ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza ili nyasi na miti vichipue, kisha hufunguliwa katikati ya kiangazi kwa ajili ya ndama, ng'ombe wa kulimia na mifugo dhaifu. Visiki vilivyokuwa bado hai chini ya ardhi vilichipua bila mtu kupanda kitu. Sheria zake zilitungwa na wananchi kwenye mikutano yao ya kimila, dagashida, na sungusungu, walinzi wa jadi wa vijiji, wakazisimamia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ngitili zilikuwa zimefika zaidi ya hekta 300,000, na mwaka 2002 kazi hiyo ilipata Tuzo ya Ikweta, inayotolewa kwa juhudi za jamii za kuhifadhi mazingira huku zikipunguza umaskini.

Linganisha na Kondoa, mkoani Dodoma. Vilima vya Irangi vilikuwa vimechanwa na makorongo makubwa, na mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa msaada wa Sweden. Mwaka 1979 serikali iliamuru mifugo yote iondolewe kwenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Uoto ulirudi, hilo halina ubishi. Vilima vilivyokuwa vyekundu vilifunikwa na kijani. Lakini ng'ombe walikwenda kwenye ardhi ya watu wengine, familia zikakosa maziwa na samadi, na ilichukua miaka kumi hivi kabla ya ng'ombe kuruhusiwa tena, safari hii wakifugwa zizini.

Ukisoma mifano hii miwili kwa pamoja, usikimbilie kusema mmoja ni mzuri na mwingine ni mbaya. Jiulize mambo ambayo ripoti hupitia haraka. Nani alilipa gharama ya uoto kurudi? Ngitili kubwa ni za nani? Maana zipo za kijiji na zipo za watu binafsi, na mwenye ardhi kubwa na ng'ombe wengi hufaidika nazo kuliko kaya maskini. Mimi naamini njia ya Shinyanga ilikuwa na hekima zaidi, kwa sababu ilianzia kwenye desturi ambayo watu walikuwa wanaijua na kuiheshimu. Hata hivyo swali la nani anafaidika halipaswi kuachwa, na mwanajiografia mzuri ndiye anayelibeba mpaka mwisho.

Kuna tabia moja inayonisikitisha katika majibu ya wanafunzi. Kila tatizo la mazingira, jibu ni moja: watu wamekata miti. Mto umepungua, watu wamekata miti. Mafuriko, watu wamekata miti. Barafu ya Kilimanjaro, vivyo hivyo. Barafu ya Kilimanjaro ni kipimo kizuri cha akili ya kijiografia. Kati ya 1912 na 2007 eneo lake lilipungua kwa asilimia 85 hivi. Sababu zinazotajwa ni pamoja na ongezeko la joto duniani, lakini kule juu, karibu na mita 5,895, hewa ni baridi mno kiasi kwamba barafu nyingi hupotea kwa kugeuka mvuke moja kwa moja chini ya jua kali, na hali ya hewa ya Afrika Mashariki ilianza kuwa kavu zaidi mwishoni mwa karne ya 19, theluji ya kujazia ikapungua. Tena mito inayomwagilia vihamba vya Wachaga haitegemei sana barafu. Maji yake mengi hutoka kwenye mvua na ukungu vinavyonaswa na ukanda wa msitu. Kwa hiyo anayelilia barafu akauacha msitu uungue amekosea mahali pa kulilia. Jibu zuri huwa na tabaka: kipi ni cha dunia nzima, kipi ni cha eneo hili, kipi ni cha muda mrefu, kipi kimefanywa na watu, na watu gani hasa.

Ili upate tabaka hizo, uliza watu. Anza na wanaochota maji na kutafuta kuni, kwa sababu miguu yao hupima mabadiliko kila siku. Wangari Maathai alianzisha Green Belt Movement nchini Kenya mwaka 1977 baada ya kuwasikiliza wanawake wa vijijini wakieleza kwamba vijito vinakauka na kuni zimekuwa mbali. Alikuwa msomi wa anatomia ya wanyama. Jiografia aliipata kwa kusikiliza. Muulize bibi yako: zamani maji mlichota wapi? Mto huu ulikuwa unafika wapi wakati wa masika? Ni mti gani uliokuwa umejaa hapa na sasa hauonekani? Ni mwaka gani mlihama, na kwa nini? Andika majibu yao kama walivyosema, kisha yalinganishe na ramani ya zamani. Wasipokubaliana, usimchague mmoja haraka. Rudi uulize tena.

Kuhusu darasani, nina mawili. Sekondari nyingi za Tanzania jiografia hufundishwa kwa Kiingereza, na mwanafunzi hujikuta anapambana na lugha na somo kwa wakati mmoja. Kabla hujakariri sentensi ya Kiingereza kuhusu jinsi mvua ya mlimani inavyotokea, mweleze mdogo wako kwa Kiswahili. Ukikwama katikati, umegundua usichokielewa, na kukariri hakutakusaidia. La pili ni mchoro. Chora kila mchakato kwa mkono wako, hata kama mchoro ni mbaya, na uweke mishale. Wanafunzi wa shule za msingi sasa wanalisoma somo hili kwa jina la Jiografia na Mazingira, na mdogo wako anaweza kuwa mkosoaji mkali kuliko mwalimu.

Watu watakuuliza jiografia itakupa kazi gani. Ziko nyingi: utabiri wa hali ya hewa, mipango miji, usimamizi wa mabonde ya maji, upimaji, uchoraji wa ramani kwa kompyuta, ualimu. Moja nataka niitaje kwa sababu haisubiri shahada. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuanza, na wananchi wa eneo husika washirikishwe. Kwa hiyo ipo siku wataalamu wanaweza kuja kijijini kwenu kuzungumzia machimbo, barabara au skimu ya umwagiliaji. Mkutano utaitishwa, na wengi watakaa kimya. Nenda na daftari lako la mvua, na ramani uliyoihakiki kwa miguu, na maneno ya bibi yako uliyoyaandika. Uliza maji ya machimbo yatashukia wapi. Uliza skimu ikichukua maji kiangazi, wa chini watabaki na kiasi gani. Uliza kipimo cha mvua walichotumia kimetoka kituo kipi, na kituo hicho kiko umbali gani na kwenu.